Utambuzi wa Mchochota wa Kidole Tumbo kwa Mtoto wa Umri Chini ya Miaka Mitano: Ugonjwa Adimu kwa Umri, Hatari kwa Kuchelewa

Ikisiri

Mchochota wa kidole tumbo ni miongoni mwa sababu kuu za upasuaji wa dharura wa tumbo kwa watoto, lakini ni adimu kwa mtoto ambaye hajafikisha miaka mitano. Makala haya yanafafanua kwa nini ugonjwa huo, unaotambulika kwa urahisi kiasi kwa kijana, huwapita watabibu unapompata mtoto mdogo, na ni kwa namna gani unaweza kutambuliwa kabla kidole tumbo hakijatoboka. Hoja kuu ni kwamba katika umri huu utambuzi hautokani na dalili moja wala kipimo kimoja, bali na uchunguzi unaorudiwa kwa saa zilizopangwa, pamoja na kukataa kuufunga uchunguzi kwa sababu tu kipimo cha ugonjwa mwingine kimetoa majibu chanya. Makala yanajadili maumbile ya kidole tumbo cha mtoto, lugha ya maumivu ya tumbo katika Kiswahili, magonjwa yanayofanana na huu katika Afrika Mashariki, uchunguzi wa mwili, na mipaka ya alama za tathmini, vipimo vya maabara na picha.

1.0 Utangulizi

Kidole tumbo ni kifuko chembamba kilichozibwa upande mmoja, kinachochomoza mwanzoni mwa utumbo mpana, upande wa kulia wa chini wa tumbo. Mwaka 1735, daktari wa upasuaji Claudius Amyand alikiondoa kidole tumbo cha mvulana wa miaka 11 jijini London, kilichokuwa kimetobolewa na pini na kuingia ndani ya ngiri. Hata hivyo, ugonjwa wenyewe ulipata jina na maelezo kamili mwaka 1886, pale Reginald Fitz wa Boston alipoonesha kwamba sehemu kubwa ya usaha uliokuwa ukikutwa upande wa kulia wa tumbo ilianzia katika kidole tumbo, na akasisitiza upasuaji wa mapema. Miaka mitatu baadaye, yaani 1889, Charles McBurney wa New York alibainisha mahali ambapo mgonjwa huumia zaidi anapobonyezwa, kati ya kitovu na mfupa wa nyonga ya kulia.

Picha ya ugonjwa iliyotokana na kazi hizo ndiyo inayofundishwa hadi leo. Maumivu huanzia kuzunguka kitovu; hamu ya kula hupotea; mgonjwa hutapika; kisha, baada ya saa kadhaa, maumivu huhamia upande wa kulia wa chini na kutulia hapo. Picha hiyo inamdai mgonjwa mambo matatu: aweze kusema panapouma, akumbuke maumivu yalianzia wapi, na akubali kubonyezwa tumbo bila kulia. Mtoto wa miaka miwili hana hata moja kati ya hayo.

Ugonjwa huu hutokea zaidi katika muongo wa pili wa maisha. Watoto wenye umri chini ya miaka mitano ni sehemu ndogo tu ya watoto wanaougua, takribani chini ya asilimia 5. Lakini katika kundi hilo dogo, zaidi ya nusu hukutwa kidole tumbo kikiwa kimekwisha kutoboka, na kiwango hicho hupanda kadiri umri unavyopungua. Katika mapitio yao ya mwaka 2000, Rothrock na Pagane walionesha kwamba utambuzi wa awali ulikuwa na makosa kwa asilimia 28 hadi 57 ya watoto wa miaka 2 hadi 12, na ulikaribia asilimia 100 kwa watoto wa miaka miwili au chini ya hapo. Kwa maneno mengine, karibu kila mtoto mchanga mwenye ugonjwa huu huambiwa kwanza kwamba ana ugonjwa mwingine.

Katika Afrika Mashariki kuna jambo la ziada. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kuanzia miaka ya 1940 hadi 1966, alichapisha mwaka 1971 hoja kwamba ugonjwa wa kidole tumbo ulikuwa nadra kwa Waafrika wa vijijini kwa sababu ya chakula chenye nyuzinyuzi nyingi. Hoja hiyo ilikuwa na nafasi yake katika utafiti wa visababishi. Lakini ikichukuliwa kama kanuni ya kitabibu huwa hatari, kwa kuwa inaongeza uadimu juu ya uadimu: mtoto ni mdogo mno kuwa na kidole tumbo, na tena ni Mwafrika. Takwimu za kundi zima hazimwambii tabibu chochote cha uhakika kuhusu mtoto mmoja aliye mbele yake.

2.0 Maumbile ya kidole tumbo cha mtoto mdogo

Uadimu wa ugonjwa na ukali wake katika umri huu vinatokana na maumbile yaleyale. Kwa mtoto mchanga, kidole tumbo kina umbo la faneli: mdomo wake ni mpana na ncha yake ni nyembamba. Kinyesi kilaini cha mtoto anayenyonya hupita bila kukwama. Vilevile, tezi ndogo za kinga zilizomo katika ukuta wa kidole tumbo ni chache wakati wa kuzaliwa, kisha huongezeka taratibu hadi umri wa kubalehe. Kwa kuwa kuvimba kwa tezi hizo ni mojawapo ya njia ambazo mdomo wa kidole tumbo huzibika, mtoto mdogo ana nafasi ndogo ya kuzibwa.

Pale anapozibwa, hali hubadilika haraka. Kuziba huko kunaweza kusababishwa na kijiwe cha kinyesi, na mara chache na minyoo au mayai ya kichocho. Majimaji hujikusanya ndani, shinikizo hupanda, damu hushindwa kupita katika ukuta, na bakteria huzaliana. Ukuta wa kidole tumbo cha mtoto ni mwembamba, hivyo hutoboka mapema zaidi. Kwa kijana au mtu mzima, kutoboka huhofiwa zaidi baada ya saa 24 hadi 72. Kwa mtoto mdogo kunaweza kutokea ndani ya siku ya kwanza au ya pili.

Baada ya kutoboka, tofauti nyingine hujitokeza. Kwa mtu mzima, pazia la mafuta linaloning'inia mbele ya utumbo husogea na kulizingira eneo lenye uambukizo, na kulifanya kuwa uvimbe wenye mipaka. Kwa mtoto mdogo pazia hilo ni fupi na jembamba. Haliwezi kufanya kazi hiyo vizuri. Usaha husambaa na kuenea katika utando wote wa tumbo. Ndiyo maana mtoto huyu, anapofika hospitalini akiwa amechelewa, haonekani kuwa na maumivu ya upande mmoja. Tumbo lote limejaa, limekaza, na kila linapoguswa linauma.

3.0 Lugha ya maumivu

Historia ya ugonjwa wa mtoto mdogo husimuliwa na mtu mwingine, kwa kawaida mama, bibi au dada anayemlea. Msimulizi huyo hasemi alichokihisi, bali alichokiona. Kwa hiyo ubora wa utambuzi hutegemea kwa kiasi kikubwa maneno yanayotumika kati yake na mhudumu wa afya.

Neno tumbo katika Kiswahili lina eneo pana, kuanzia chini ya kifua hadi kinenani. Aidha, kauli "mtoto anaumwa tumbo" hutumika hata pale mtoto anapoharisha tu bila maumivu. Mhudumu anayeandika kauli hiyo kama ilivyo huwa hajaandika lolote. Lugha yenyewe, hata hivyo, ina maneno mahususi zaidi yanayoweza kutumika: chembe cha moyo, kitovu, ubavu, kinena. Pia ina vitenzi vinavyotofautisha namna ya maumivu. Tumbo linalosokota huuma kwa vipindi. Huja na kuondoka, na katikati yake mtoto anaweza kucheza. Tumbo linalochoma au linalouma mfululizo halimpi mtoto nafasi hiyo. Maumivu ya kidole tumbo yaliyokwisha kufika kwenye utando wa tumbo ni ya mfululizo, na huongezeka mtoto anapotikiswa. Swali la kumuuliza mzazi, basi, si "anaumwa tumbo?" bali "akibebwa mgongoni na kutikisika, hulia zaidi au hutulia?" Jibu la swali hilo lina uzito. Mtoto mwenye msokoto wa kawaida mara nyingi hutulizwa kwa kubembelezwa na kurushwarushwa. Mwenye uambukizo wa utando wa tumbo huzidi kulia.

Jina la ugonjwa nalo linaweza kuufunga uchunguzi kabla haujaanza. Katika jamii mbalimbali za Tanzania, maumivu ya tumbo ya mtoto huitwa chango au mchango, jina linalojumuisha minyoo, msokoto na maradhi mengine, na lenye dawa zake za mitishamba. Mzazi aliyekwisha kulipa tatizo jina hilo huanza na tiba yake, na saa hupita. Kosa la aina hiyo si la wazazi peke yao. Taifodi huitwa homa ya matumbo, na mtoto mwenye homa na maumivu ya tumbo hukaribia kulipata jina hilo kwa tafsiri ya maneno tu.

Jambo la mwisho ni saa. Katika ugonjwa unaopimwa kwa saa, muda wa kuanza ni sehemu ya utambuzi. Mzazi akisema maumivu yalianza saa tatu asubuhi na mhudumu akaandika 3:00, msomaji wa faili katika hospitali ya rufaa anaweza kuelewa kuwa ni saa tisa usiku. Tofauti hiyo ni ya saa sita. Namna iliyo salama ni kuandika kwa mfumo wa saa 24, na kuuliza kwa kutumia matukio: kabla au baada ya chakula cha usiku, kabla au baada ya adhana ya alfajiri, kabla au baada ya wenzake kwenda shule.

4.0 Magonjwa yanayofanana

Orodha ya magonjwa yanayoweza kumfanya mtoto mdogo aumwe tumbo na kupata homa ni ndefu. Yanayostahili uzito katika Afrika Mashariki ni yale yanayotokea mara nyingi kiasi cha kumshawishi tabibu asitafute zaidi.

La kwanza ni kuhara na kutapika kutokana na maambukizi ya utumbo. Huu ndio mtego mkubwa kuliko yote. Kidole tumbo kilichotoboka na kuacha usaha katika nyonga huwasha utumbo wa chini, na mtoto hupata choo kidogo kidogo, mara nyingi, chenye ute. Choo hicho hutofautiana na kile cha maambukizi ya utumbo, ambacho huwa kingi na cha majimaji. Mpangilio wa dalili pia hutofautiana. Katika kidole tumbo, maumivu mara nyingi hutangulia kutapika, na kuhara huja mwishoni. Katika maambukizi ya utumbo, kutapika na kuhara hutangulia.

La pili ni malaria. Ugonjwa huu huleta homa, kutapika na maumivu ya tumbo kwa mtoto, na kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika chache. Hata hivyo, vipimo vingi vya haraka vinavyotumika hutambua protini ya vimelea inayoweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kuuawa. Katika eneo lenye maambukizi mengi, mtoto anaweza pia kuwa na vimelea bila vimelea hivyo kuwa sababu ya maumivu yake. Jibu chanya linathibitisha kuwa malaria ipo, au ilikuwapo. Halithibitishi kuwa hakuna kingine.

La tatu ni maambukizi ya njia ya mkojo. Kidole tumbo kilichovimba kikiwa karibu na kibofu au mrija wa mkojo huweza kusababisha chembe nyeupe zionekane katika mkojo. La nne ni nimonia ya sehemu ya chini ya pafu la kulia, ambayo maumivu yake hushuka hadi tumboni. Mtoto anayehema haraka anapaswa kusikilizwa kifua kabla tumbo halijafunguliwa. La tano ni utumbo kuingia ndani ya utumbo, unaotokea zaidi kati ya miezi 3 na miaka mitatu, wenye vilio vya vipindi na pengine choo chenye damu na ute. La sita ni maumivu ya selimundu, ambayo humfanya tabibu ahusishe kila maumivu ya mtoto huyo na ugonjwa wake unaojulikana.

Zaidi ya hayo, kuna kuvimba kwa mitoki ya tumboni, kutoboka kwa utumbo kutokana na taifodi, kujaa kwa minyoo mviringo, kifua kikuu cha tumbo, mchochota wa mishipa midogo ya damu unaoambatana na madoa ya rangi ya zambarau miguuni na makalioni, na, kwa mvulana, kusokoteka kwa korodani. Tangu mwaka 2020 ilibainika pia kwamba mchochota wa mifumo mingi ya mwili unaowapata watoto baada ya Uviko-19 unaweza kuiga ugonjwa wa kidole tumbo kwa ukaribu mkubwa.

Orodha hii haikusudiwi kumfanya tabibu aagize vipimo vyote. Kusudi lake ni kuonesha kwamba karibu kila ugonjwa uliotajwa una kipimo au jina jepesi, ilhali kidole tumbo cha mtoto mdogo hakina. Mahali penye ushindani wa aina hiyo, ugonjwa wenye kipimo chepesi hushinda hata kama si wenyewe.

5.0 Uchunguzi wa mwili

Uchunguzi wa mtoto mdogo huanza kabla ya kumgusa. Mtoto akiwa mapajani kwa mama yake, mhudumu hutazama kama analala bila kujisogeza, kama amekunja mguu wa kulia, kama anakataa kusimama, au kama anatembea akichechemea na kuinama. Kidole tumbo kilicho nyuma ya utumbo huwasha msuli wa nyonga, kwa hiyo mtoto anayeletwa kwa sababu "mguu unamuuma" au "hataki kutembea" anaweza kuwa na ugonjwa wa tumbo.

Kwa mtoto asiyeweza kueleza maumivu, tabia yake inaweza kupewa alama. Kipimo cha FLACC, kilichoandaliwa katika Chuo Kikuu cha Michigan na kuchapishwa mwaka 1997, hutumia mambo matano: uso, miguu, utulivu wa mwili, kilio na kubembelezeka. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 2, na jumla ni 10. Alama hizo haziutambui ugonjwa, lakini huwezesha hali ya mtoto ya saa nne usiku kulinganishwa na ile ya saa nane usiku, hata kama wauguzi wamebadilishana zamu.

Mhudumu anapofika kwenye tumbo, mikono iwe na joto, na aanze mbali na upande wa kulia wa chini. Mkono wa mtoto mwenyewe, au wa mama, unaweza kuwekwa chini ya mkono wa mhudumu. Kugongagonga taratibu kwa ncha za vidole hutoa taarifa ileile inayotafutwa kwa kubonyeza na kuachia ghafla, bila kumtesa mtoto na kuharibu uchunguzi unaofuata. Mtoto wa miaka mitatu au minne anaweza kuombwa aruke kama chura. Anayekataa, au anayeruka mara moja na kushika tumbo, ametoa jibu. Aliye mdogo zaidi huchunguzwa vizuri akiwa amelala: tumbo la mtoto aliyesinzia ambalo bado linakaza upande mmoja linapoguswa si la kupuuzwa.

Hofu kwamba dawa ya maumivu itaficha ugonjwa imewanyima watoto wengi nafuu. Majaribio yaliyofanywa kwa watoto mwanzoni mwa karne ya 21 yalionesha kuwa mofini hupunguza maumivu bila kupunguza uwezo wa kutambua kidole tumbo. Mtoto aliyepunguziwa maumivu hulegeza misuli aliyokuwa akiikaza kwa woga, na sehemu inayouma kwa kweli hubaki peke yake.

6.0 Alama za tathmini, maabara na picha

Alama za tathmini zinazotumika zaidi ni zile za Alvarado za mwaka 1986 na zile za watoto zilizochapishwa na Samuel mwaka 2002. Alama za Samuel zina jumla ya 10. Alama 2 hutolewa kwa maumivu ya upande wa kulia wa chini yanayotokea mtoto anapokohoa, anapogongwa au anaporuka, na 2 kwa maumivu ya upande huo anapobonyezwa. Alama moja moja hutolewa kwa kuhama kwa maumivu, kukosa hamu ya kula, homa, kichefuchefu au kutapika, chembe nyeupe nyingi, na ongezeko la aina ya chembe nyeupe zinazopambana na bakteria. Mpangilio huu ni mzuri, lakini ulitokana na watoto 1,170 wenye umri wa miaka 4 hadi 15. Alama za pARC, zilizochapishwa mwaka 2018, ziliandaliwa kwa walio na miaka 5 na zaidi. Mtoto wa miaka miwili hawezi kupata alama ya kuhama kwa maumivu ambayo hawezi kuyasimulia. Jumla yake hushuka si kwa sababu hana ugonjwa, bali kwa sababu hana maneno. Alama ndogo katika umri huu isichukuliwe kuwa uthibitisho wa usalama.

Hesabu ya chembe nyeupe na protini ya CRP husaidia zikisomwa pamoja na muda. Katika saa za mwanzo zote mbili zinaweza kuwa za kawaida, kwa kuwa CRP huhitaji takribani nusu siku ili ipande. Kipimo kilichorudiwa baada ya saa kadhaa na kuonesha ongezeko kina maana kubwa kuliko kipimo kimoja. Kipimo cha Widal cha taifodi, ambacho bado hufanywa katika vituo vingi, hutoa majibu chanya kwa watu wengi wasio na taifodi, na hakifai kuwa sababu ya kuacha kulifuatilia tumbo.

Kwa upande wa picha, ultrasaundi ndiyo chaguo la kwanza kwa mtoto. Njia ya kubonyeza taratibu kwa kifaa, iliyoelezwa na Puylaert wa Uholanzi mwaka 1986, humwezesha mchunguzi kukiona kidole tumbo chenye upana unaozidi milimita 6 na kisichobonyea, pamoja na kijiwe cha kinyesi, majimaji au usaha. Mtoto mwembamba huonekana vizuri kuliko mtu mzima mnene. Hata hivyo, matokeo hutegemea mkono wa mchunguzi, na ripoti isemayo "kidole tumbo hakikuonekana" haina maana sawa na "kidole tumbo ni kizima". Kipimo cha CT hutoa majibu bora zaidi, lakini humpa mtoto mionzi, na mwili unaokua huathirika zaidi na mionzi. Kwa hiyo hubakizwa kwa hali zisizoweza kuamuliwa kwa njia nyingine. Eksirei ya kawaida husaidia kidogo, isipokuwa pale inapoonesha kijiwe cha kinyesi, hewa iliyotoka nje ya utumbo, au nimonia iliyokuwa imejificha.

7.0 Mfano wa mtiririko wa utambuzi

Mfano ufuatao ni wa kufikirika; umetungwa ili kuonesha mahali ambapo utambuzi hupotea.

Mtoto wa kiume wa miaka mitatu anakataa chakula cha usiku na kutapika mara mbili. Asubuhi mama yake anampeleka zahanati. Joto ni nyuzi 38.2, kipimo cha haraka cha malaria ni chanya, na anapewa dawa mseto. Siku ya pili anaanza kuhara kidogo kidogo, mara nane hadi jioni. Anarudishwa zahanati na kupewa maji ya chumvi na sukari pamoja na zinki. Usiku huo analala bila kulia, na familia inashukuru. Asubuhi ya siku ya tatu joto ni nyuzi 39.5, tumbo limejaa, hataki kusimama. Katika hospitali ya mkoa anafanyiwa upasuaji na kukutwa na kidole tumbo kilichotoboka, usaha ukiwa umeenea.

Katika mtiririko huu hakuna tiba iliyokuwa kinyume na dalili zilizoonekana. Malaria ilitibiwa kwa kipimo. Kuhara kulitibiwa kwa utaratibu unaokubalika. Kilichokosekana ni swali la pili katika kila hatua. Siku ya kwanza, maumivu yaliyotangulia kutapika hayakuulizwa, na tumbo halikuguswa kwa sababu jibu la malaria lilikwisha kupatikana. Siku ya pili, kuhara kulionekana kuwa ugonjwa mpya badala ya kuwa hatua mpya ya ugonjwa uleule, ingawa choo kilikuwa kidogo na homa haikuwa imeshuka. Utulivu wa usiku wa pili ulikuwa wa uongo: kidole tumbo kinapotoboka, shinikizo lililokuwa likileta maumivu hushuka kwa muda, na nafuu hiyo hutangulia uambukizo wa tumbo zima.

Mtoto huyo angeweza kupewa dawa mseto na bado akabaki chini ya uangalizi. Katika kituo chenye vitanda, uangalizi huo una maana ya kuchunguzwa tumbo tena kila baada ya saa 4 hadi 6, ikiwezekana na mtu yuleyule, matokeo yakiandikwa pamoja na saa. Katika zahanati isiyolaza wagonjwa, una maana ya kumpangia mama saa ya kurudi ndani ya siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi, na kumtajia mambo ya kumrudisha mapema: maumivu ya mfululizo, kutapika matapishi ya kijani, tumbo kujaa, kukataa kutembea, au utulivu wa ghafla unaoambatana na homa. Penye shaka ya kweli, rufaa itangulie uthibitisho, kwani kituo kisicho na chumba cha upasuaji hakipati faida yoyote kwa kusubiri hadi kiwe na hakika. Mtoto anayepewa rufaa aanzishiwe maji ya mishipa, dawa ya maumivu na viuavijasumu, na maelezo ya saa zote yaandikwe katika barua yake.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba ugumu wa kutambua mchochota wa kidole tumbo kwa mtoto wa umri chini ya miaka mitano una vyanzo vitatu vinavyosaidiana. Maumbile ya mtoto huufanya ugonjwa uwe adimu lakini wenye kasi. Ukimya wa mtoto huiondoa historia ambayo utambuzi wa kawaida huitegemea, na kuiacha mikononi mwa maneno ya mlezi na kalamu ya mhudumu. Magonjwa mengine yenye vipimo vyepesi hutoa majibu yanayotosheleza macho kabla swali halijaisha.

Kwa hiyo, uadimu haupaswi kuwa hoja ya kuuacha ugonjwa huu nje ya orodha. Unapaswa kuwa sababu ya kuutafuta kwa utaratibu, kwa kuwa hautajitokeza wenyewe katika sura inayotarajiwa. Tiba ya ugonjwa uliothibitishwa na ufuatiliaji wa ule unaoshukiwa vinaweza kwenda pamoja bila kupingana. Katika vituo vya ngazi ya chini, ambavyo ndivyo humpokea mtoto kwanza, mambo matatu hayahitaji mashine yoyote: kuuliza maumivu yalianza lini na yakoje kwa maneno mahususi ya Kiswahili, kuligusa tumbo la kila mtoto mwenye homa na kutapika hata pale kipimo cha malaria kinapokuwa chanya, na kumwona tena kwa saa iliyoandikwa. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu maneno ambayo walezi katika maeneo mbalimbali huyatumia kueleza maumivu ya mtoto asiyesema, kwa kuwa alama za tathmini zilizopo zimejengwa juu ya watoto wanaoweza kusema.